Gunia Linaenda Wapi?

Glavu hazikutosha. Ndiyo maana wengine walivaa ya mkono wa kulia, wengine ya kushoto, na mkono uliobaki kila mtu akauviringishia nailoni. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili unusu asubuhi, ukingoni mwa mto Mathare upande wa Huruma, Nairobi, pale ambapo fleti zimeusogelea mto mpaka nguo zilizoanikwa ghorofa ya kwanza zinadondosha matone majini. Tulikuwa watu arobaini na kitu, na tulikuwa na reki sita, mabeleshi manne na furushi la magunia yaliyokwisha kubeba sukari.

Taka za mto zina matabaka, na aliyewahi kuzichimba anayajua kwa mpangilio wake. Juu kabisa ni za jana: pakiti za maziwa, chupa za soda, vipakiti vya sabuni ya unga. Chini yake pampasi zilizofura maji, nzito kama mawe. Halafu matambara. Halafu nywele za kusukia kutoka saluni, ambazo hujisokota kwenye meno ya reki mpaka uzikate kwa kisu. Chini ya nywele ndiko kwenye tope jeusi, na humo bado tulikuta majuala ya plastiki ya kabla hayajapigwa marufuku Agosti 2017, jina la duka likisomeka vizuri. Marufuku ile ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi duniani, na kweli siku hizi majuala hayapepei kwenye nyaya za stima kama bendera. Mto lakini hausahau upesi hivyo.

Kufikia saa tano tulikuwa na magunia themanini na saba. Niliyahesabu mara mbili. Kampuni moja iliyokuwa imetuletea fulana na maji ya kunywa ilipiga picha, ikapanda gari, ikaenda zake. Chupa za maji yake zilibaki, nazo zikajaza gunia la themanini na nane. Lori la kubeba tuliambiwa lingefika mchana, kisha Jumatatu. Jumanne usiku mvua ikanyesha. Jumatano nilipopita tena, magunia yaliyosalia ukingoni hayakufika ishirini.

Nimehudhuria shughuli nyingi za namna hii, hapa Eastlands na kule Pwani, na nimefika mahali siulizi tena ni watu wangapi walijitokeza wala ni miche mingapi iliyopandwa. Nauliza gunia linaenda wapi. Mwandalizi mwenye jibu ana mradi. Asiye na jibu ana sherehe. Sherehe si haramu, ila isiitwe mazingira.

Tuyafuate maji kidogo, maana ramani yake ni funzo tosha. Bonde la Mathare limekaa kati ya mito miwili, Mathare na Gitathuru. Gitathuru unateremka kutoka upande wa msitu wa Karura, ambako watu hulipa kiingilio waende kutembea kandokando ya mito na kuvuta hewa safi. Maji yaleyale yakifika kwetu, mwenye nyumba huelekeza bomba la choo humo humo. Mathare nao huungana na mto Nairobi huko chini, karibu na Korogocho na Dandora. Na Dandora ndiko liliko jaa la jiji zima, lililoanza miaka ya sabini kando ya mto huohuo, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mpaka leo linaendelea kupokea. Kwa hiyo gunia lililokosa lori husafiri kwa maji, lililopata lori husafiri kwa barabara, na yote mawili hukutana Dandora.

Kutoka hapo mto Nairobi unaingia Athi, unaporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls chini ya Ol Donyo Sabuk, unakata Ukambani, ambako serikali inajenga bwawa la Thwake kwenye maji hayohayo, kisha unaingia Tsavo. Ukikutana na mto Tsavo unabadilisha jina kuwa Galana. Karibu na bahari unaitwa Sabaki, na unamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Ni kilomita kama 390, mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mtu wa Huruma akitupa kandambili iliyokatika gidamu, anaitupa kwenye barabara ya kwenda Malindi.

Sisemi kwamba uchafu wote wa ufuo wa Malindi ni wetu. Rangi ile ya kahawia mlangoni mwa Sabaki ni udongo, na udongo huo kwa sehemu kubwa umechukuliwa mashambani huku juu, kwenye miteremko iliyokatwa miti. Upepo wa kaskazi ukivuma, tope husukumwa kusini kuelekea mji wa Malindi na matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu zikiwa za kwanza nchini. Kusi ikishika, tope huelekea Mambrui. Wanaosafisha fuo huokota pia chupa zilizovuka bahari kutoka Asia. Lakini anayeokota ufuoni bila kujua kinachotendeka Huruma anatia maji kwenye pakacha, na anayesafisha Huruma bila kujua kwamba kuna Malindi hajui kazi yake ina ukubwa gani.

Pwani, kwa kweli, wametutangulia katika jambo moja: wamejifunza kuhesabu baada ya wageni kuondoka. Nenda Gazi, Kwale, ukaone Mikoko Pamoja. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule, na mwaka 2017 mradi ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Pale Gazi kuna pia ujia wa mbao unaopita katikati ya mikoko, unaosimamiwa na akina mama. Mgeni analipa, anatembea juu ya matope bila kukanyaga mizizi. Hayo ndiyo matembezi ya kutazama maumbile ninayoyaelewa, yale ambayo mgeni akiondoka kinabaki kitu. Na kwa sababu kaboni hainunuliwi kwa maneno, lazima mtu arudi msituni kupima mashina. Mkoko uliokatwa usiku utaonekana kwenye hesabu.

Chombo cha Flipflopi ni mfano wa aina nyingine. Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, na wenzake waliunda dau kwa tani kama kumi za plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya kandambili vipatavyo 30,000. Walilishusha majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 mpaka Zanzibar, likitia nanga miji ya njiani. Mabingwa wa hesabu watasema tani kumi si kitu baharini, na ni kweli. Mimi nalipenda kwa sababu fundi hakuletewa fulana. Aliletewa malighafi, akaijibu kwa ufundi uleule wa mbao aliourithi. Gunia lilikwenda wapi? Likawa chombo.

Turudi nyumbani, kwa sababu watu wa Huruma wakisikia mifano ya Pwani husema huko kuna watalii. Haya, mfano wa hapa hapa. Mwaka 1987 Mkanada aliyeitwa Bob Munro alianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Watoto walitaka mpira, na mtaa ulikuwa umejaa taka. Wakaunganisha mambo hayo mawili kwa njia ambayo mpaka leo sijaona iliyoizidi: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ilipata pointi pia kwa kufanya usafi mtaani, zote zikaandikwa kwenye jedwali moja la ligi. Timu iliyokacha usafi ilijikuta ikishuka. Hebu fikiria mtoto wa miaka kumi na mbili anayemgongea mwenzake mlango Jumamosi asubuhi: toka, tutapoteza pointi! Hakuna waziri wala balozi anayeweza kualika watu kwa nguvu namna hiyo. Mwaka 1992, kwenye Mkutano wa Dunia wa Rio, MYSA ikapewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Wengi wanaukumbuka ubingwa. Wachache wanaikumbuka reki.

Siri ya MYSA ilikuwa kwamba usafi uliingizwa ndani ya jambo ambalo watoto walikuwa wanalitaka tayari, ukarudi wiki hadi wiki, na kukawa na mtu wa kuandika. Ukiitazama vizuri, ndiyo siri ya Wangari Maathai pia. Juni 5, 1977, yeye na wenzake waliandamana kutoka KICC mpaka uwanja wa Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, wakapanda miti saba. Ndiyo mwanzo wa Green Belt Movement. Mingi kati ya miti hiyo saba haikupona. Ungekuwa mwandishi wa habari uliyerudi mwaka uliofuata, ungeandika kwamba shughuli ilifeli. Kilichofuata ndicho kilichobadilisha nchi: vitalu vya akina mama vijijini, na malipo madogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, si uliopandwa. Kwenye tofauti hiyo ndogo ya kitenzi kuna hekima yote ya kazi hii.

Sisi tumeisahau tofauti hiyo. Novemba 13, 2023 tulipewa likizo ya taifa ya kupanda miti, na Mei 10, 2024 tukapewa nyingine, ya kuomboleza waliokufa kwenye mafuriko na kupanda miti tena. Lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Nimepanda siku zote mbili. Huruma mche una adui ambaye hotuba za Novemba hazimtaji: mbuzi. Tumepakana na Kiamaiko, soko la mbuzi, na mbuzi anayesubiri kisu hana haraka, anakula kila kilicho kijani kinachofikiwa na shingo yake. Miche niliyoiona ikidumu hapa bondeni ni ile ya vijana wa Mathare Green Movement, waliopanda miti kwa kumbukumbu ya wenzao waliouawa, wakiwemo waliopigwa risasi na polisi. Mche wenye jina la ndugu yako humwachii mbuzi. Utaufungia miiba, utautilia maji Januari, utamfokea mtoto wa jirani anayening'inia tawini.

Huko nje yapo ya kujifunza pia, kwa ufupi. Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Tanzania, Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru la Desemba 9, 2015 akaamuru watu washike mifagio, na usafi wa kila mwezi ukafuata. Estonia, mwaka 2008, watu 50,000 waliondoa tani 10,000 za taka kwa siku moja, na kutokana na siku hiyo dunia ikapata siku yake ya usafi. Kila anayesimulia habari ya Estonia husimulia siku yenyewe. Mimi navutiwa na miezi iliyotangulia, ambayo waliitumia kuchora ramani ya kila rundo la taka na kupanga usafiri wa kuliondoa. Sehemu hiyo hatukuiiga.

Sasa nimwite shahidi ambaye husahauliwa. Siku ile ya magunia themanini na saba, tukiwa bado tunavuta reki, ndoo ilimwagwa kutoka ghorofa ya tatu, maganda ya viazi yakatua mita mbili kutoka kwetu. Vijana wakapiga kelele. Mimi nikapanda ngazi kwa hasira ya mtu aliyelowa tope. Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, mtoto mgongoni. Kabla sijasema neno akaniambia, "Baba, najua. Lakini sasa niziweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Jengo lina nyumba zaidi ya arobaini na halina pipa hata moja. Vijana wa kuzoa taka hupita mara moja kwa wiki, na mwezi ambao kodi imekubana huwalipi. Ndani chumba kimoja, jiko liko futi nne kutoka kitandani. Maganda ya viazi yakilala humo siku tatu kwenye joto la Februari, mtoto ataugua kabla ya mto. Yule mama alikuwa ameniuliza swali langu mwenyewe.

Kwa hiyo lipo pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa: usafi wa kujitolea unaweza kuwa kichaka cha kujifichia wenye wajibu. Kaunti inakusanya ushuru. Mwenye fleti anakusanya kodi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na inamtwika mtengenezaji wa chupa mzigo wa chupa yake hata baada ya kuiuza. Kila tunapoinama kuokota bila kutaja majina hayo matatu, tunawasamehe. Na ukingo wenyewe una historia ya damu. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Huruma karibu na mto, likaua watu zaidi ya hamsini. Mafuriko ya 2024 yalipozoa nyumba za Mathare, serikali iliamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yakaja kwa waliobakia. Ukimwambia mtu aliyebomolewa nyumba kwamba ukingo ule utakuwa bustani, chagua maneno yako vizuri.

Tangu mwishoni mwa 2024 vijana wengi wa mitaa ya mito wameajiriwa kwenye mpango wa serikali wa Climate WorX Mtaani, wanalipwa kuzoa na kufukua. Wapo wanaoukejeli, ati vijana wamenyamazishwa kwa beleshi. Mimi siukejeli. Kijana anayelala njaa hana Jumamosi ya kujitolea, na waliofukua tope hilo wanajua kwamba ni kazi, si burudani. Wasiwasi wangu ni mwingine: fedha zikikatika, nani ataendelea kuandika daftari? Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza ukingo uliokuwa jaa na maficho ya wahalifu kuwa bustani, nao walianza kabla ya fedha hizo kuja. Bustani yao imedumu kwa sababu kuna mtu anayelala karibu nayo na kuamka nayo.

Matembezi nayo yanahitaji kufikiriwa upya. Shule zetu nyingi zikipata pesa huwapeleka watoto Mombasa: Fort Jesus, Haller Park, kuogelea kidogo, rudi. Haller Park penyewe ni somo zuri, machimbo makavu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yaliyogeuzwa msitu na René Haller tangu 1971. Lakini basi hilo hupita juu ya Athi na hakuna mtoto anayeambiwa: huko chini mto huu hupokea maji yaliyopita nyuma ya nyumba yenu. Ningepewa basi moja na siku tatu, ningeanzia Karura, watoto wauone Gitathuru chini ya miti. Kisha Huruma, waunuse. Kisha Fourteen Falls, pale povu linapoelea juu ya maji kama ya kufulia nguo. Kisha safari ndefu mpaka mlango wa Sabaki, wenye viboko na maelfu ya ndege, wakutane na watoto wa Malindi wanaookota ufuoni. Wabadilishane magunia. Kisha mwaka unaofuata, wa Malindi waje Huruma. Wavae gamboti.

Kikundi chetu kilirudi mtoni wiki tatu baada ya ile mvua. Hatukuwa arobaini tena, tulikuwa kumi na mmoja. Hapakuwa na fulana. Tulichanga, tukakodi mkokoteni kwa shilingi mia tatu kila mzunguko, na tukakubaliana kwamba hatutajaza gunia ambalo hatuna nauli yake. Yakawa magunia ishirini na manne. Matano ya chupa yalikwenda kwa mnunuzi wa plastiki kwa kilo, mawili ya maganda kwa mfugaji wa nguruwe, na kumi na saba yaliyobaki tukayapeleka mahali ambapo lori la Dandora hupita kweli, tukasubiri mpaka likayapakia. Ndiyo, Dandora. Jibu langu bado lina tundu, na tundu hilo liko kando ya mto uleule.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliyaandika yote kwenye daftari la mraba, safu moja idadi, safu ya pili yalikokwenda. Mwenye mkokoteni alitia sahihi kwa kidole gumba chenye tope, akahesabu pesa zake, kisha akauliza Jumamosi ijayo aje saa ngapi.